Mgeni wa Jamaldini

Mwanahalima aliramba kidole chake, akatema. Maziwa aliyoyakamua kutoka titi lake mwenyewe yalikuwa na chumvi. Si chumvi ya jasho, la, chumvi ya maji ya bahari, ile inayokausha ulimi. Na Mwanamkuu, binti yake mchanga, alikuwa kifuani pake kageuza uso, analia bila sauti kwa sababu nguvu za kulia zilikuwa zimemwishia.

"Leo tena amekataa," alimwambia mumewe.

"Labda umekula papa mkavu," Jamaldini alijibu, huku akikunja kaniki zake za kuuza.

Papa! Hapa Arusha, chini ya Mlima Meru, kwenye migomba na baridi, papa angemtoa wapi? Mwanamume akikosa la kusema si bora anyamaze?

Nashilu, jirani yao Mwarusha, alileta kibuyu cha maziwa. "Hii nimekamua sasa hivi, mama Mwanamkuu. Ng'ombe yangu haina ubaya." Akayaonja, matamu. Mwanahalima akayaonja, matamu. Yalipogusa tu midomo ya mtoto, yakawa chumvi. Wakambeba mtoto hadi kwa Nashilu, ng'ambo ya mto Themi, na kule mambo yakawa yale yale. Nashilu akakitazama kibuyu chake kana kwamba kimemtukana.

Tangu hapo kila adhuhuri nyumba ilinuka mwani. Kwanza harufu ilikuja na kupita, kisha ikakaa, kisha ikaongezeka shombo ya samaki, na mchana mmoja Mwanahalima akiwa peke yake na mtoto alisikia nyuma ya ghala maji yakipiga na kurudi, yakipiga na kurudi, akatoka akaona jani la mgomba halitikisiki wala hakuna hata tone chini, na sauti ile ikamfuata ndani, ikapanda darini juu ya kichwa chake, ikawa mtu anayelia kwa kwikwi.

Wakamwita Mwalimu Shabani, aliyesomesha watoto wa askari karibu na boma la Mjerumani na kusifika kwa kutoa majini. Alifukiza ubani, akaanza Ayatul Kursi kwa sauti ya kutisha. Katikati ya aya sauti nyingine ikaungana naye kutoka darini, ya kizee, yenye mikwaruzo. Shabani akateleza kwenye neno moja, ile sauti ikamsahihisha polepole, bila dharau. Mwisho ikasema, "Sadakallahul-adhimu."

Shabani akapangusa jasho. "Mama, huyu Mwislamu," alinong'ona. "Nikisoma, naye anasoma. Tena ananishinda. Nitamfukuzaje kwa kitabu chake?"

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?" Mwanahalima alimuuliza.

Shabani akainua uso darini. "U nani?"

"Mgeni," sauti ikajibu. "Nilialikwa na mwenye nyumba."

Wote wakamgeukia Jamaldini. Mwanamume yule akajikuna kidevu, kisha akasimulia. Alipokwenda na msafara kununua kaniki Tanga, alipita kuzuru msikiti wa kale katika mji mmoja wa pwani, ule ulioporomoka paa, ambao wenyeji husema majini huswali ndani yake. Mwangalizi alimwagiza avue viatu, awasalimu asiowaona, aswali rakaa mbili, atoke kimya. Yote aliyatimiza isipokuwa hilo la mwisho. Mlangoni adabu zilimzidi, akageuka akasema, "Haya jamaa, sisi twaondoka. Karibuni na kwetu Arusha."

"Ni maneno tu," alijitetea. "Kila mtu husema!"

"Lahaula! Wewe na adabu zako mtaniulia mtoto! Mwambie aondoke!"

"Mgeni hafukuzwi, mke wangu. Nitaitwaje mimi?"

"Nisamehe, mama," ikasema sauti ya juu. "Nakumbuka kwetu. Nikilia, chumvi yangu huingia popote alipo mtoto."

"Basi rudi kwenu!"

"Njia siijui. Nilifuata mgongo wa mumeo."

"Basi yeye akurudishe!"

Jamaldini akainamisha kichwa. Mvua za masika zimefurisha mito, akasema, na wapagazi wote wamechukuliwa na boma kubeba mawe. Hakuna msafara mpaka mvua zikome. Mwanahalima akamtazama mtoto, utosi umebonyea, macho yameingia ndani. Mtoto yule hakuwa wa kungoja mvua zikome.

Ndipo uvumilivu ukamwisha kabisa. Akaingia ghalani, akatoka na jembe, akalibwaga katikati ya sebule mpaka ubani ukamwagika.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!" alipiga kelele. "Lako hilo! Shamba liko nyuma ya nyumba!"

Shabani akaziba mdomo. Pwani, mgeni akionyeshwa jembe huaga siku hiyo hiyo kwa aibu. Wote wakainua macho darini. Walipotazama tena chini, jembe halikuwapo.

Mwanahalima akamweka mtoto titini. Mwanamkuu akavuta, akasita, akavuta tena kwa pupa mpaka akapaliwa. Yalikuwa matamu! Mama mtu akalia kwa furaha.

"Amechukia, ameondoka," Jamaldini alisema kwa huzuni.

"Achukie!"

Alasiri Nashilu akaja mbio. "Mama Mwanamkuu, nani amelima kule nyuma?"

Wakatoka. Shamba lote lilikuwa limegeuzwa, udongo mweusi unafuka mvuke, na kutoka ukutani hadi mtoni imepandwa miche, mstari baada ya mstari. Nashilu hakuijua. Mwanahalima, mzaliwa wa Tanga, aliijua. Minazi. Na mnazi si mchicha. Mtoto anayenyonya leo ataota meno, atayang'oa, ataanza kufunga Ramadhani, ndipo dafu la kwanza liangushwe. Mtu mwenye nia ya kuondoka hapandi minazi.

Kule kwenye miche jembe lilipanda na kushuka peke yake, na sauti ya kizee iliimba kwa raha. Ikanyamaza.

"Mama," ikaita, "chakula tayari?"

Mwanahalima akamtazama Mwanamkuu aliyelala mkononi mwake, tone la maziwa bado liko pembeni mwa mdomo.

"Bado kidogo, baba," alijibu, akaenda kuongeza unga.