Mfagiaji wa Pango

Ukuta wa bafu la Teresiah haukupakana na mtu. Ng'ambo yake palikuwa hewa tupu, orofa nne juu ya barabara ya vumbi, huko Kayole. Ndiyo maana Jumamosi ile, saa nane mchana, aliposikia mtu akiubisha kutoka upande wa nje, mara tatu, polepole, kama mgeni mwenye adabu, alibaki ameshika ndoo mkononi asijue aitikie ama anyamaze.

"Mum, umesikia?" Shirleen aliuliza kutoka sebuleni.

"Ni watoto wa chini wanacheza. Endelea kuandika."

Shirleen, mwenye miaka minane, alikuwa akiandika orodha. Mkeka. Chapati. Mayai ya kuchemsha. Mafuta ya kujipaka. Mpira. Zilibaki siku kumi waende kuona bahari, na katika miaka yake thelathini na sita Teresiah hakuwahi kuiona ila kwenye kalenda. Alikuwa ameipanga siku hiyo saa kwa saa: waamke, wanywe chai kwenye baraza, waingie majini kabla jua halijakuwa kali, wale, walale chini ya minazi, waingie tena.

"Na kama bichi imejaa watu?"

"Haina mtu hata mmoja. Mzee Gichuru amesema ufuo wote utakuwa wetu."

Gichuru alikuwa tajiri aliyejenga nyumba ya mapumziko pwani, mbali kaskazini mwa Malindi. Miaka mitatu iliyopita alimchukua Ndirangu, mumewe Teresiah, fundi wa mawe, akamjengee huko. Ndirangu alirudi baada ya miezi mitano amekonda, hataki kuulizwa habari za pwani. Sasa Gichuru alikuwa amewatumia ufunguo wa nyumba hiyo, zawadi ya Desemba kwa fundi wake mwaminifu. Ufunguo ulifika Alhamisi. Ndirangu aliutazama tu, asiuguse.

Jioni Teresiah alipomweleza habari za ukuta, Ndirangu hakuinua macho.

"Ni paipu."

"Baba Shiru, ukuta ule hauna paipu. Wewe ni fundi, unajua."

"Nimesema ni paipu!"

Jumapili, walipotoka kanisani, walikuta nyumba inanuka. Haikuwa harufu mbaya mwanzoni. Ilikuwa ya udi, na chini ya udi kitu kibichi, kama kitambaa kilicholoa maji kikasahauliwa. Teresiah alifungua madirisha yote. Akachota maji, akapika chai, na walipoonja wote wakatema. Chai ilikuwa na chumvi. Akamwaga, akachota tena kutoka mtungi mwingine. Chumvi. Akateremka na kikombe hadi kwa jirani wa orofa ya tatu, aliyetumia tangi lile lile, akaonja maji yake. Yalikuwa matamu kama siku zote.

Wakati wa chakula cha mchana mlio ukaja tena. Haukutoka bafuni. Ulitoka nyuma ya kabati la vyombo, mara tatu, kisha nyuma ya televisheni, kisha ndani ya ukuta ambao Ndirangu alikuwa ameuegemea, karibu na kisogo chake, na Teresiah akaona jinsi mumewe alivyofumba macho, si kama mtu aliyeshtuka, bali kama mtu aliyekuwa akitarajia mgeni na mgeni amefika.

"Unamjua," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ndirangu, unajua ni nani."

Ndirangu aliondoka mezani.

Jumatatu asubuhi Teresiah aliamshwa na sauti ya ufagio. Alimkuta Shirleen amepiga magoti kwenye pembe ya sebule akifagia. Sakafu ilikuwa safi, lakini mtoto alifagia, na kila alipovuta ufagio mchanga mweupe ulijikusanya mbele yake, mwembamba kama unga, ukitoka pasipotoka kitu. Teresiah alimwita. Hakuitika. Alimshika mkono, akaukuta baridi na viganja vimechubuka, maana alikuwa amefagia tangu kabla ya mapambazuko, na alipojaribu kumpokonya ule ufagio mtoto aligeuka, akamtazama kwa macho yaliyotulia mno, akasema kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha Kayole wala cha shule, Kiswahili cha pwani cha mtu mzima, "Niache, mwanangu. Pango halijafagiwa siku nyingi."

Teresiah alipiga ukemi hadi majirani wakajaa mlangoni.

Mmoja wao, Mama Caleb, ndiye aliyemvuta kando. "Usiende hospitali kwanza," alimnong'oneza. "Hii si ya dripu. Kuna mama Mkamba, Shauri Moyo, nyuma ya Gikomba. Anaitwa Wanza. Nikupeleke?"

Wanza alikuja mwenyewe saa sita mchana, mwanamke mfupi mwenye sweta la kijani na viatu vya raba. Wote walimwita Susu, kwa maana ya nyanya. Hakuleta tunguri wala pembe. Alibeba chupa ya maji na kipande cha kitambaa cheupe. Aliwatoa majirani, akawabakiza Teresiah na Ndirangu tu, akafunga mlango, akaketi sakafuni mbele ya mtoto aliyekuwa bado anafagia.

"Hodi," alisema.

Ufagio ukasimama. "Wewe una adabu," mtoto alijibu. "Karibu."

"Wewe ni nani, mkubwa wangu?"

"Mimi ndimi mwenye pango. Nilikuwa pale kabla ya kijiji, na kabla ya mnazi wa kwanza. Batulo alinifagilia miaka thelathini. Kila Ijumaa alinichomea udi na kuniwekea maji ya waridi, na watu wakija na shida zao alinieleza kwa upole. Sasa nani ananifagilia?"

"Batulo yuko wapi?"

Mtoto aliinua mkono, akamwonyesha Ndirangu kwa kidole. "Muulize huyo. Yeye ndiye aliyemfungia."

Harufu ya udi ilizidi hadi macho yakawawasha, na kuta zote nne zikaanza kubishwa pamoja, si tena kwa adabu bali kwa viganja vya mtu anayekosa pumzi, na katikati ya mlio huo Ndirangu aliteleza ukutani hadi chini akakaa kama gunia.

"Nilidhani atatoka upande wa baharini," alisema.

"Sema vizuri," Susu Wanza alimwambia. "Mkeo anasikia."

Akasema. Pango lilikuwa ufuoni, hatua chache kutoka kwenye nyumba ya Gichuru, na wanakijiji walilijia kila wiki kuomba. Gichuru alitaka ufuo usio na watu. Akazungushia ua, watu wakapitia baharini. Basi akaagiza mdomo wa pango uzibwe kwa mawe na simiti. Mama mmoja mzee, Batulo, aliingia ndani akaketi, akasema hatoki. Ndirangu alimpigia Gichuru simu. Gichuru akamwambia, maliza kazi, kuna tundu upande wa baharini, atatoka kwa hilo akichoka.

"Na ulilijua hilo tundu?" Teresiah aliuliza.

Ndirangu aliangalia viganja vyake.

"Ulilijua?"

"Mtoto angepita. Mtu mzima hapana. Na maji yakijaa…" Alifunika uso. "Alibisha, Tere. Nilipoweka jiwe la mwisho alikuwa anabisha. Mara tatu, kisha ananyamaza, kisha tatu tena. Hakupiga kelele hata kidogo. Nikapiga lipu juu yake. Kijijini wakasema amechukuliwa na maji. Nami nikanyamaza."

Teresiah alimtazama mtu huyu aliyelala naye miaka kumi na moja, aliyemfundisha Shirleen kuendesha baiskeli. Kitu ndani yake kilichokuwa moto kikapoa ghafla.

"Unataka nini?" Susu Wanza alimuuliza mwenye pango. "Damu ya mtoto haina makosa."

"Simtaki mtoto. Nimekaa ndani yake kwa sababu baba yake haniitikii mlango. Aliyefunga akafungue. Kwa mikono yake, peke yake, jua likiwa utosini. Keshokutwa. Akikawia, nitafagia hadi mikono hii iishe."

Susu Wanza alijaribu kubembeleza. Aliahidi kondoo, akaahidi udi wa mwaka mzima. Mtoto alirudia kufagia.

Usiku huo Ndirangu alimsihi mkewe waende wote. "Nikiwa peke yangu naogopa," alisema.

"Yeye alikuwa na nani?" Teresiah alimjibu, akamfungia nguo zake kwenye begi.

Jumatano saa sita kasoro simu ililia. Teresiah alikuwa ameketi kando ya kitanda, Shirleen amelazwa, viganja vimefungwa vitambaa, vidole vikiendelea kukwaruza shuka kama anayefagia usingizini.

"Nimefika," Ndirangu alisema. Nyuma yake maji yalivuma. "Hakuna mtu, Tere. Ni pazuri. Mngependa."

"Vunja."

Alisikia nyundo. Alihesabu mapigo hadi akapoteza hesabu. Kisha mawe yakaporomoka na pumzi ya mumewe ikasikika karibu sana na simu.

"Yuko hapa. Amekaa. Ameegemea mawe, mkono wake bado uko juu, hivi." Alilia kama mtoto. "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe."

"Toka sasa. Ita watu wa kijiji."

"Ngoja. Kuna mama mwingine ndani zaidi. Ananiita nimsaidie kumbeba."

"Mama gani? Ndirangu, hapana! Umesema hakuna mtu! Toka!"

"Ameshika ufagio," Ndirangu alisema, kwa sauti tulivu ya mtu anayetii, na Teresiah akasikia nyayo zake zikienda juu ya mchanga, zikiingia mahali penye mwangwi, kisha hakuna nyayo, kisha sauti ambayo mke wa fundi yeyote angeitambua hata akiwa usingizini, chuma cha mwiko kikikwaruza jiwe, kikipaka, kikigonga jiwe likae sawa, kikipaka tena, bila haraka, jiwe baada ya jiwe, na mumewe kutoka mbali akiliita jina lake, na kila jiwe likiwekwa jina hilo lilififia.

Kwenye kitanda vidole vya Shirleen vikatulia. Mtoto alifumbua macho, na yalikuwa macho yake.

"Mum, nasikia njaa," alisema. "Kuna chapo?"

Teresiah alikuwa na simu sikioni na mkono wake kwenye paji la mtoto, na paji lilikuwa la joto la kawaida. Mke mwingine angepiga ukemi. Yeye aliinuka akawasha jiko.

Baadaye aliwapigia polisi wa huko. Walikwenda siku ya pili pamoja na Hawo, binti yake Batulo, wakaukuta mdomo wa pango umezibwa, simiti imekauka na kuota ukungu kama kazi ya miaka mitatu. Walipobomoa waliwakuta wawili wameketi bega kwa bega. Mmoja alikuwa mifupa. Mwingine alikuwa amefariki usiku uliopita, na kucha zake zilikuwa zimekwisha.

Hawo alizungumza na Teresiah kwa simu. Hakumtukana. "Mamangu tumemzika leo, na wanakijiji wote wamekuja," alisema. "Njoo umchukue wako."

Walimzika Ndirangu kwao Murang'a, mvua ikinyesha. Gichuru alifika kwa gari kubwa, akatoa shada la maua, akasema maneno mazuri juu ya fundi mwaminifu. Watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula alimkaribia Teresiah chini ya hema. Alikuwa hajanyoa ndevu, na koti lake lilinuka udi.

"Mama Shirleen," alinong'ona, akitazama nyuma. "Nimesikia mtoto wako alikuwa na shida fulani, na kuna mama mmoja alimwangalia. Nyumbani kwangu tangu juzi kuta zinabishwa… mke wangu hawezi kulala. Mjukuu wangu ameanza kufagia."

Akamsogelea zaidi. "Tafadhali. Nipe jina la huyo mama."

Teresiah alimfikiria yule mjukuu, na moyo ukamchoma kidogo. Kisha akamkumbuka mama mzee aliyebisha kwa adabu, mara tatu, akangoja.

"Si mimi wa kuulizwa, mzee," alisema. "Mbona usimwulize anayebisha anataka nini?"

Akamshika Shirleen mkono, wakaenda kupakua chakula.