Bibi Dirishani mwa Duka

Katika nyumba ya Mama Fundi, kompyuta iliwashwa kabla ya jiko. Chai ilichemka, watoto wakanywa, vikombe vikaoshwa, na kompyuta bado ilikuwa inajivuta. Waliiita Kikongwe. Ilinguruma, ikapata moto, na mara nyingine ikaganda katikati ya kazi. Hapo Baba aliizaba kofi la ubavuni.

"Usiipige!" Bibi, mama yake mzazi, alimkanya. "Kuzeeka si kosa."

Mama Fundi alikuwa fundi cherehani. Wateja wake wengi walikuwa wanawake waliotaka magauni ya harusi. Naye alikuwa na utaratibu wake. Mteja alipokuja kujaribu gauni ambalo halijaisha, Mama Fundi alimpiga picha kwa simu: mbele, nyuma na ubavuni, pini zikiwa bado zimechomekwa. Kisha alizihamishia kwenye Kikongwe, akazikuza, akatazama wapi panavuta na wapi pamelegea. Kila mteja alimpa ahadi ile ile.

"Usione haya, mdogo wangu. Picha hii haitoki humu chumbani."

Wateja walimwamini. Fundi asiyeaminika atashona nguo zake mwenyewe.

Baba naye alikuwa ameipanga Kikongwe ioneshe picha. Ikikaa bila kuguswa, picha zote zilizomo zilipita kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Bibi alipenda sana kukaa mbele yake na kuzitazama, hasa zile za wajukuu walipokuwa wadogo.

Siku moja Kikongwe ilizimika Mama Fundi akiwa katikati ya kuchora gauni. Alipoiwasha tena, mchoro haukuwepo.

"Basi!" alisema. "Imetosha. Tununue nyingine."

Nyumba nzima ilichangamka. Watoto walibishana kuhusu rangi. Baba alizunguka madukani mpaka miguu ikamuuma, na kila duka lilimwambia maneno mapya asiyoyaelewa. Mwishowe wakampata muuzaji mwenye maneno matamu.

"Nileteeni na ile ya zamani," aliwaambia. "Nitawapunguzia bei."

"Na vitu vyetu vilivyomo?" Mama Fundi aliuliza.

"Ondoa shaka, mama. Nitavifuta vyote mimi mwenyewe. Kwangu hiyo si kazi."

Usiku huo hawakulala mapema kwa furaha. Baba alinakili picha zote kwenye flashi. Alidhani kwamba akinakili, anaondoa. Hakujua kwamba picha zenyewe zinabaki palepale. Halafu akaondoa neno la siri, ili muuzaji asisumbuke kuingia.

Bibi naye alikuja na kitambaa na mswaki wa zamani.

"Kitu hakitoki nyumba hii kikiwa kichafu," alisema. "Watu watatusema."

Wakaipangusa Kikongwe mbele na nyuma. Bibi akasugua kila kitufe cha kibodi kwa mswaki, na vumbi la chaki ya kuchorea vitambaa likatoka mpaka kwenye pembe. Kikongwe iking'aa hivyo, wakaikabidhi dukani kesho yake. Wema wote huo walimfanyia mtu asiyestahili hata kupewa kitambaa.

Kompyuta mpya iliwaka haraka mpaka Bibi akauliza, "Imeharibika?" Walicheka sana. Mama Fundi alichora magauni mawili kabla ya chai kuchemka.

Kicheko hicho hakikudumu. Wiki hiyo hiyo alikuja muuguzi wa zahanati, ambaye harusi yake ilikuwa karibu. Alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Hakupiga hodi, wala hakusalimu.

"Naomba gauni langu."

"Karibu kwanza, mdogo wangu. Halijaisha, bado mgongo..."

"Mgongo wangu wameshauona! Nimejiona dirishani mwa duka la kompyuta. Mgongo wazi, pini mpaka kiunoni. Watu wamesimama wananitazama. Wawili kati yao ni wagonjwa wangu."

Mama Fundi aliitazama simu yake mezani.

"Uliniambia haitoki humu chumbani," muuguzi alisema. Akalichukua gauni na pini zake, akaondoka.

Hapa mimi ninayewasimulia nashindwa kutulia. Mtu amepewa mashine kwa imani. Ameahidi kwa mdomo wake. Kisha anaiweka dirishani, anaiwasha, na kuwaanika wake za watu na mabinti wa watu kwa wapita njia. Huyo tumwite nani? Mfanyabiashara?

Mama Fundi alikimbilia kwa jirani, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Mwalimu alimsikiliza akiwa ameshika mwiko. Alizima jiko.

"Twende sasa hivi, na mzee wako twende naye. Bibi, wewe pumzika."

"Nipumzike?" Bibi alikuwa ameshavaa viatu. "Kwani mimi simo mle?"

Alikuwemo. Walipofika, Kikongwe ilikuwa dirishani, inang'aa kama walivyoiacha. Kwenye skrini Bibi alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi. Mara akapita mteja mmoja, mkono mmoja wa gauni ukiwa haujashonwa. Kisha mwingine. Vijana wawili walikuwa wameegemea kioo, wanacheka.

"Zima hiyo mashine," Baba alisema akiingia.

"Mmeniuzia wenyewe," muuzaji alijibu bila kuinuka. "Mashine ni yangu, na vilivyomo ni vyangu."

"Umenunua chuma na plastiki," mwalimu alisema. "Sura za watu hujauziwa. Uliahidi kufuta."

"Nilikuwa na kazi nyingi. Halafu picha zinasaidia. Mteja akiziona anajua mashine ni nzima."

"Zinasaidia!" Mama Fundi alipaza sauti. "Mtoto wa watu anaona haya mbele ya wagonjwa wake, wewe zinakusaidia?"

Muuzaji akageuka kupanga nyaya, kana kwamba hawapo. Bibi alivuta stuli, akaiweka mlangoni, akaketi. Akaja mwanamume mwenye kompyuta ya mkononi kwapani.

"Karibu, mwanangu," Bibi alimwambia. "Unamwona yule anayekoroma dirishani? Ni mimi. Hukuniomba kunitazama, wala mimi sikukualika. Mwachie huyu mashine yako, kesho tutakaa wote pale."

Mwanamume alitazama dirisha, akamtazama Bibi, akarudi alikotoka. Akaja mama mmoja na binti yake. Nao walirudi. Muuzaji akatoka mbio akachomoa waya.

"Haya! Fanyeni mnachotaka!"

Mwalimu aliiweka Kikongwe mezani. Lakini hakuigusa. Alimvutia Baba kiti.

"Fanya wewe, shemeji, ili ujue. Kwanza, picha mlizonakili mmezifungua kwenye mashine mpya? Zinaonekana?"

"Zinaonekana zote."

"Vizuri. Maana ukishafuta hakuna kurudi. Sasa toka kwenye barua pepe yako na kila mahali ulipoingia kwa neno la siri. Ukiacha wazi, anayenunua anaingia kwa jina lako."

Baba akatoka kote alikokuwa ameingia.

"Sasa nazitupa picha kwenye kapu la takataka la kompyuta?" Mama Fundi aliuliza.

"Kapu ni kapu tu. Kilichotupwa humo kinaokotwa. Hata ukilimwaga, mwenye ujuzi anaweza kukirudisha. Kompyuta ina sehemu ya kuirudisha ikawa kama ilivyotoka kiwandani. Ukifika hapo, chagua kuondoa kila kitu, kisha chagua na kusafisha diski, pale vitu vinapohifadhiwa. Inachukua muda mrefu. Usiwe na haraka."

"Na mtu asiyeweza?" Mama Fundi aliuliza.

"Atoe diski, auze mashine bila diski. Au atafute fundi anayemwamini, akae naye mpaka amalize. Ila asikabidhi kwanza akisubiri kufutiwa. Safisha ikiwa bado mikononi mwako."

"Sisi tulisugua mpaka kibodi," Baba alisema polepole.

"Nimeona," mwalimu alijibu. "Inang'aa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akamgeukia Mama Fundi.

"Jirani, usikasirike. Wale wateja walishachukua nguo zao zamani. Picha zao ulikuwa unazitunzia nini?"

Hasira yote ya Mama Fundi ilikuwa kwa muuzaji, na muuzaji alistahili. Lakini swali lile halikuwa la muuzaji.

Walikaa dukani mpaka kazi ikaisha. Kikongwe ilipowaka tena, ilimuuliza jina lake mwenye kuiwasha, kana kwamba haijawahi kumwona mtu.

Mama Fundi alizunguka kwa wateja wake mmoja mmoja, akawaambia yaliyotokea. Wengine walimsamehe. Mmoja alimfungia mlango. Kisha Mama Fundi akamfuata muuguzi zahanati.

"Muuzaji ametukosea sote," alimwambia. "Lakini ahadi ilikuwa yangu, si yake. Nimeivunja. Nisamehe." Akamweleza walivyofuta Kikongwe, na kwamba picha za wateja kwenye flashi na kwenye kompyuta mpya nazo amezifuta. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ana wagonjwa wanasubiri.

Siku zikapita. Siku chache kabla ya harusi, Mama Fundi akasikia hodi. Muuguzi alisimama mlangoni na gauni mkononi.

"Fundi mwingine ameshindwa na mgongo," alisema. Hakutabasamu.

Alilivaa. Mama Fundi alichomeka pini, akarudi nyuma, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye simu. Akausimamisha.

"Kwa picha nitaona vizuri panapovuta. Bila picha nitajitahidi. Uamuzi ni wako."

Muuguzi aligeuka, akampa mgongo.

"Piga."

Mama Fundi alipiga, akakuza, akaona. Akarekebisha pini pale pale. Kisha akaifuta picha muuguzi akiangalia, akamwaga na kapu la simu, akamkabidhi simu yenyewe. Muuguzi alitafuta sana. Hakukuta mteja hata mmoja. Alikuta picha moja ya Bibi, kwenye kiti, mdomo wazi.

"Na huyu je?"

"Huyo mwacheni," Bibi alijibu kutoka kwenye kiti kile kile. "Ila dirishani harudi tena."

Muuguzi akacheka mpaka pini zikamchoma. Kisha akasimama wima, akanyoosha mikono, na Mama Fundi akaendelea na kazi.