Mke wa Kwanza wa Kamanda Qu

Asubuhi ya tatu baada ya harusi, Yinfeng alikuta kiatu cha kitambaa alichomshonea mumewe kimefumuliwa, uzi umekunjwa vizuri kando yake. Siku ya nne kikafumuliwa tena, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua.

Mumewe, Kamanda Qu, aliongoza wapiganaji wa milimani dhidi ya Wajapani waliovamia nchi yao. Mkewe wa kwanza, Suzhen, aliteketea Wajapani walipochoma kijiji. Desturi ilijulikana: bibi harusi wa pili hupiga magoti mbele ya kibao chenye jina la marehemu, akamwita dada. Yinfeng hakupiga magoti. Alikifukia kibao kwenye mtungi wa mtama. Aliona wivu, na yeyote angeona: mume akiweweseka usingizini, alimtaja nani? Suzhen!

"Kibao kiko wapi?" mama mkwe alinong'ona.

"Mama, mimi sikuolewa na maiti."

"Shusha sauti, we mtoto! Unadhani nani anafumua hivyo viatu?"

Mchana huo Kamanda alijiandaa kwenda kuvamia daraja la Wajapani. Yinfeng alimvalisha viatu alivyovishona upya, na palepale, jua likiwaka, akaona nyuzi za soli zikichomoka moja moja, polepole, huku mumewe akitaniana na askari wake bila kuhisi lolote, na pumzi ya moto ikimpiga Yinfeng shingoni, na mwanamke asiyeonekana akicheka chini chini sikioni mwake.

Kamanda alipoondoka tu, Yinfeng alikifukua kibao, akapiga magoti.

"Mwite dada, basi," mama mkwe alimwonya. "Usiongeze neno."

Lakini hofu ilimzidi. "Dada, nimekosa! Kaa naye wewe, mradi arudi mzima."

Mama mkwe akamziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Kesho yake adhuhuri Kamanda alirudi. Daraja lilikuwa limelipuliwa, naye hakuwa na hata mkwaruzo. Askari walishangilia uani. Yeye aliingia ndani, akaketi kitandani miguu upande, akapitisha vidole kwenye kichwa chake kilichonyolewa, akiziweka nyuma ya sikio nywele ndefu ambazo hazikuwepo.

"Mume wangu?" Yinfeng aliita.

Kamanda akatabasamu kwa haya. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kike.

"Taratibu, mdogo wangu," ilisema, mkono ukipapasa kifua. "Mume wetu amelala humu ndani."