Waya Uliouma Gome

Saa mbili asubuhi, juu ya kibao kilichosema "nyeupe", kitumba cha waridi kilifunguka chekundu. Mwenye kitalu akashika kiuno. Safu nzima ya mbele ilikuwa imehamishwa vibao, na miche ya waridi, kabla ya kuchanua, hufanana kama mapacha.

"Nani kavigusa?" akamuuliza msichana aliyevitengeneza. "Nikikosa jibu hadi saa sita, usimamizi wa kitalu niliokuahidi huupati, na kazi yenyewe huna."

Msichana alikuwa amevikata vibao hivyo kutoka makopo ya soda, akaandika kwa kukandamiza kalamu iliyokwisha wino, kisha akavitundika kwa waya wa shaba. Jua halikufuta maandishi, mvua haikuyaosha. Wateja walivisifu mpaka wenzake wakachoka kusikia.

Mjomba wake, askari mstaafu, alikuwa amefika kununua mbolea. Mbolea ikasubiri. Akaanza na fundi bomba, aliyeonekana jana yake jioni akizungukazunguka hapo na plaizi.

"Nasikia waya huu ulikuwa unaumezea mate."

"Mzee, ningeuiba ningeondoka nao. Nani anaiba kitu halafu anakifunga kwenye mti wa pembeni?"

Mjomba akacheka, ingawa hakutaka. Dada mkubwa wa msichana, mfunga mashada ya maua pale pale kitaluni, akadakia kutoka mezani kwake: "Kavichanganya mwenyewe. Sifa zimempanda kichwani."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mjomba akachuchumaa. Kwenye safu ya nyuma, ambayo haikuguswa, waya ulining'inia kama bangili. Kwenye safu ya mbele ulikuwa umezungushwa mara tatu na kuvutwa hadi ukauma gome.

Akawapa wote watatu waya na kibao kitupu. "Fungeni kwenye huu mti, nione."

Fundi akapinda ndoano. Msichana akaacha kitanzi cha kupitisha kidole. Dada mkubwa akazungusha mara tatu, akavuta.

"Mwanangu," Mjomba akasema taratibu, "shada unalikaza kwa kuwa halina siku nyingi. Mti unanenepa. Mkono wako umekuchongea."

Dada akatazama petali zilizonyauka mezani kwake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi. Maua yangu leo yanasifiwa, keshokutwa yako jalalani. Yeye kaja juzi na makopo yake, na vibao vyake vitatuzika sote. Halafu usimamizi apewe yeye? Nilitaka aharibikiwe, mara moja tu. Wivu umenila, Mjomba, sina cha kukudanganya."

"Usimamizi ni wako," mwenye kitalu akamwambia msichana. "Huyu akae au aende, sema wewe."

Msichana akamkazia macho dada yake. "Yeye ndiye anayejua alivyovihamisha. Avirudishe kwanza. Mengine nitasema baadaye."

Dada akapiga magoti. Akafungua kibao cha kwanza, akakirudisha kwenye mti wake, akazungusha waya. Mkono ukaanza kuvuta tena.

Mdogo wake akapenyeza kidole kati ya waya na shina.

"Acha nafasi, dada."