Mgeni Anaondoka Lini?

Jua lilikuwa limeshazama nilipotoka uani kuanua nepi. Mama mkwe alibaki ndani na mtoto, akiandaa beseni la kumwogeshea. Tangu nijifungue sijaonja usingizi, sitanii, nikifumba macho moyo unapiga kama mtu anagonga mlango, na kichwa chepesi, chepesi kama si changu.

Fundi cherehani, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta.

"Mzazi! Mgeni hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Ananila mimi."

Akacheka, akaingia kwake. Kila mtu anamwita mwanangu hivyo, mgeni. Tumekuja kumwona mgeni. Mgeni kafanana na baba yake. Ni neno tu, mtoto mchanga si ndivyo anavyoitwa?

Ndipo nikaona miguu.

Chini ya shuka nililoanika. Miguu ya mwanamke, peku, imelowa. Upepo hakuna, lakini shuka linapumua... linaingia, linatoka... Na harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Mgeni wenu," sauti ikanong'ona, "anaondoka lini?"

"Haondoki. Hapa ni kwao."

"Kwao wanamngoja."

Kisha, taratibu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani:

"Beseni limejaa. Mrudishe."

Nilikimbia ndani. Mama mkwe alikuwa jikoni, mtoto kitandani, macho wazi, ananitazama. Nilimtafuta mwanangu katika uso ule, nikamkosa. Nakumbuka nilimbeba. Nakumbuka maji yalikuwa ya uvuguvugu...

"Mwanangu! Unafanya nini?"

Mama mkwe alinipokonya mtoto. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi kifuani, zinachuruzika maji.

Hakunipiga. Alilia. Hilo lilinitisha zaidi.

Walinipeleka hospitali, wakanilaza. Nilimwambia daktari kuhusu miguu ile, na hakucheka. Alisema kuzaa kunaugeuza ubongo wa mama, ndiyo maana anaamka mtoto akikohoa tu. Lakini kwa wachache, mwili ukibadilika ghafla hivyo na usingizi ukakosekana, ubongo huona wasiokuwepo na kusikia yasiyosemwa.

"Hujalogwa, mdogo wangu. Ni ugonjwa, na unatibika."

Nilimwamini. Jamani, nilitaka sana kumwamini.

Nimerudi nyumbani na dawa zangu. Nimeambiwa nisikae na mtoto peke yangu kwanza, kwa hiyo analala chumba cha pili na bibi yake. Leo jioni dawa ilikuwa imenilegeza viungo vyote nilipomsikia akilia. Maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha blauzi. Kisha nikasikia anabembelezwa.

"Shhh... nyamaza... nyamaza..."

Akanyamaza. Nikashusha pumzi.

Halafu nikamsikia mama mkwe. Uani. Anabishana na fundi.

"Kanzu nimekuletea nzima, wewe unanirudishia mfuko wa viazi!"

"Mama, si umenenepa..."

"Nenepa mwenyewe! Ngoja nirudi ndani, mtoto nimemwacha amelala."

Nilifungua mdomo nipige kelele.

Nikaufunga.

Nikisema nimesikia, watajua sijapona, hawatanirudishia mwanangu. Nisiposema... Na miguu yangu haiinuki. Naiamuru, haiinuki.

Upande wa pili wa ukuta wa chumba, taratibu, anayembembeleza anamwita kwa jina.

Si lile tulilompa.

Na mwanangu anacheka.