Birika la Babu na Namba Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akalitazama birika la bati lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Lilikuwa la babu. Enzi za uhai wake, babu akirudi shambani aliketi barazani, na mjukuu wake akammiminia maji miguuni huku akimsimulia habari za shule bila kuvuta pumzi.

"Taratibu, Chiriku wangu," babu alicheka. "Hata redio hupumzika."

Jina likamganda tangu siku hizo.

Babu hakuwepo tena, lakini juu ya meko bado yalining'inia mahindi yake ya mbegu, meusi kwa moshi. Babu aliiita mbegu hiyo Mvumilivu. "Mvumilivu hula mbivu," alizoea kusema, "nasi tunakula." Miaka ile mvua ilikuja kama mgeni aliyetanguliza salamu. Siku hizi huja imechelewa, ikamwaga yote kwa hasira, ikaondoka bila kuaga.

Ndiyo sababu shangazi yake, aliyekuwa akisomea utafiti wa kilimo, alikuja na wanafunzi wenzake na mwalimu wao, wakaomba kipande cha shamba la bibi. Walitaka kujua mahindi gani yatahimili ukame. Walikusanya mbegu kwa majirani, na ya babu ikiwemo, wakapanda kila moja sehemu tatu: kando ya njia, katikati, na juu kwenye mteremko. Mahindi yalipofika magotini, wakaacha kuyamwagilia kabisa. Kwenye vibao hawakuandika majina, waliandika namba tu.

"Ukijua jina utapendelea," mwalimu aliwaambia. "Mtafiti ni refa. Hana timu."

Lakini Chiriku alikuwa amesaidia kupanda. Mbegu zenye harufu ya moshi alizifukia kwa vidole vyake mwenyewe. Alijua Namba Saba ni nani.

Jua likakaza. Majani yakajikunja kama mikeka. Chiriku alipoiona Namba Saba kando ya njia imeinama, moyo ulimuuma, kana kwamba babu mwenyewe ndiye mwenye kiu. Akalikimbilia birika. Kidogo tu, alijiambia. Kidogo kikawa mazoea: kila asubuhi alimwaga maji, akafunika unyevu kwa udongo mkavu. Katikati na juu hakufika. Birika lilikuwa dogo, na kengele ya shule haikumsubiri.

Siku ya kuonyesha matokeo, majirani walikusanyika. Fundi baiskeli, mtu wa watoto wengi na utani mwingi, alisimama mbele ya Namba Saba akapiga mluzi.

"Haya mahindi hayajaambiwa kuna ukame, nini? Mimi niwekeeni hii. Shamba lote!"

Watu wakacheka. Shangazi, aliyepewa kazi ya kueleza, akakohoa kidogo. "Hapa njiani Namba Saba imezishinda zote. Ila katikati na kule juu imenyauka."

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Labda udongo," alijibu mwanafunzi mmoja. "Kule kuna mawe."

"Basi tuziache za kule," shangazi alisema haraka, "tuchukue za hapa."

"Mbona Namba Tatu imesimama huko huko kwenye mawe?" mwalimu aliuliza tena.

Bibi akasogea mbele. "Hiyo Saba ni mbegu ya nani, mwalimu?"

"Ya nyumba hii, mama."

Bibi alishika kifua. "Mungu mkubwa! Kumbe mume wangu ameacha kitu. Basi msimu ujao napanda Mvumilivu tupu."

Akilini Chiriku aliliona shamba la bibi limenyauka lote, akawaona watoto wa fundi baiskeli mbele ya sahani tupu. Ulimi wake uliozoea kukimbia ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Bibi, usiipande!" alisema mwishowe. "Ni mimi niliyeinywesha. Kila asubuhi. Kwa birika la babu."

"Lo!" fundi baiskeli alisema. "Kumbe wenzake wanafunga, yeye anapelekewa chai!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Chiriku!" shangazi alifoka. "Ningewapa watu uongo kwa mkono wangu!" Kisha akainamisha uso. "Nami nilikuwa tayari kuutupa ukweli, kwa sababu uongo ulinipendeza zaidi."

"Ndiyo maana tunapanda sehemu tatu," mwalimu aliwaambia wanafunzi wake. "Za njiani tutaziondoa. Zilizobaki zitatuonyesha pa kuanzia, na msimu ujao tutarudia. Mbegu ni shahidi. Shahidi aliyefundishwa la kusema si shahidi tena."

Jioni Chiriku aliketi jikoni bila kugusa chakula. "Nilitaka babu ashinde," alinong'ona.

Bibi akamvuta karibu. "Babu yako hakushindana na mtu, mjukuu wangu. Mahindi ya baba yake yalikuwa marefu, upepo ukiyalaza. Akaenda kwa jirani kuomba mbegu, bila aibu, ndiyo hiyo Mvumilivu. Ilifaa mvua za ujana wetu. Nilizipenda mvua zile. Nikifumba macho nazisikia zikibisha hodi juu ya bati. Lakini shamba halilimwi kwa kumbukumbu. Aliyetangulia tunamwombea, hatumsemei uongo. Ukimpenda mtu, sema kweli juu yake. Mungu ametupa akili ya kutafuta mbegu ya mvua tuliyo nayo."

Jaribio liliporudiwa, Chiriku alilinda mipaka yake kama askari. Hata kuku hawakuthubutu kusogea. Namba Tatu ikasimama tena, na majirani wakaipanda. Mvumilivu nayo haikutupwa. Watafiti waliichukua waichanganye na ile Namba Tatu ngumu, kwa kuwa utamu wake haukuwa na mfano. Bibi akaacha mstari mmoja karibu na jikoni.

Chiriku alisimama mbele ya mstari huo, birika mkononi. "Shangazi, na huu?"

Shangazi alitazama huku na huku akitafuta kibao, kisha akatabasamu.

"Huo hauna namba," alisema. "Mnawishe babu miguu."