Mkono Uliobaki Kilimani

"Nipishe, Eustadia. Nikitoe nimalize."

Benjamini alikuwa ameshika mtaimbo. Eustadia hakusogea. Aliegemea kile kibao kwa mgongo, mikono kaikunja kifuani, jasho la kupanda kilima halijamkauka shingoni.

"Mbao uliranda wewe," akasema. "Herufi ulichonga wewe. Hata wiki mbili hazijaisha."

"Baba kasema kitoke."

"Na wewe unasemaje?"

Benjamini akampa simu asome mwenyewe. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Ng'oa hicho kibao kabla ya Jumamosi. La sivyo usiniite baba tena."

Eustadia akausoma mara moja, akamrudishia simu yake. Kisha akaivua pete ya uchumba na kumnyooshea kiganjani.

"Sawa, ng'oa. Ila ukishuka nacho, shuka na hii pia."

Benjamini aliitazama ile pete, akautazama mtaimbo. Mwishowe akashuka mikono mitupu. Hakuchukua kibao wala pete, na hakuaga.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi diwani alikuwa anakuja kuzindua njia za kutembea za Kilima cha Isanga, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka kijiji cha Kigwa, Tabora. Zamani juu ya kilima hicho kulikuwa na kiwanda cha mbao. Miti ya mninga ilipasuliwa huko, mataruma ya njia ya treni yakateremshwa kwa toroli juu ya reli ndogo hadi barabarani. Kiwanda kilipokufa, msitu wa miombo ukarudi wenyewe. Miti ikaota katikati ya reli, nyani wakahamia kwenye banda la boila. Watu wa kijiji walipita huko kufuata uyoga na asali tu, mpaka Eustadia alipokuja na wazo lake.

Alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, binti wa Reveriani Habimana, mzee aliyeingia nchi hii kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mtoto mdogo. Eustadia alisomea mambo ya utalii, akaiomba serikali ya kijiji imruhusu kufungua njia tatu: moja ifuate reli ya toroli, moja ipite kwenye mizinga ya nyuki, na moja iungane na kipande cha njia ya misafara ya biashara ya zamani. Walimcheka kidogo, kisha wakamruhusu. Aliyepewa kazi ya kujenga madaraja na ngazi alikuwa Benjamini, fundi seremala, muumini wa kanisa la Moraviani la palepale Kigwa. Mwaka mzima walipanda na kushuka pamoja. Daraja la mwisho lilipokamilika, kila mtu pale kijijini alishajua kuwa wale wawili wanaoana.

Asiyefurahi alikuwa Mzee Eliya, baba yake Benjamini. Mwanzoni alisema hamtaki mtoto wa wakimbizi, na alipoambiwa kuwa ni Mtanzania mwenye kitambulisho kama yeye, akasema hamtaki kwa kuwa ni Mkatoliki. Siku aliposikia jina la baba wa binti ndipo alipotoa sababu ya tatu, na hiyo akaing'ang'ania. Yeye Eliya alikuwa mnyapara wa kile kiwanda. Reveriani alikuwa kibarua wake kwenye msumeno mkubwa. Mwaka themanini na sita msumeno ulimkata Reveriani mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, na barua ya kumfukuza kazi ilisema alikuja kazini amelewa. Mzee Eliya aliapa kuwa hawezi kuketi meza moja na mlevi aliyejikata mwenyewe.

Reveriani hajawahi kuonja pombe. Alimweleza bintiye mara moja tu, akiwa anamenya muhogo kwa mkono mmoja, kwamba msumeno ule ulikuwa umetolewa kinga ili kazi iende haraka. Alipoulizwa kwa nini hakushitaki, akasema enzi hizo hata kutoka kwenye makazi ya wakimbizi alihitaji kibali, angemshitaki nani.

Ndiyo maana Eustadia aliweka kibao mbele ya msumeno wenye kutu. Kiliandikwa: "Hapa Reveriani Habimana alipoteza mkono wake, mwaka 1986. Msumeno haukuwa na kinga. Hakuwa amelewa." Jina la mnyapara halikuwepo. Halikuhitajika, kwa kuwa kijiji kizima kililijua.

Benjamini alifika nyumbani akamkuta mama yake, Recheli, anapepeta mchele. Alimweleza yote, kwamba ameshindwa kuking'oa na ameshindwa kukitetea, na kwamba hajui nani anasema kweli. Recheli akaendelea kupepeta kwa muda. Kisha akauweka ungo chini.

"Eustadia anasema kweli," akasema. "Mimi nilikuwa mpishi wa vibarua wa kiwanda. Niliitwa nikaja mbio, nikamfunga yule kijana mkono kwa kanga yangu. Kinga ya msumeno ilikuwa imeegeshwa ukutani, wiki nzima ilikuwa pale. Baba yako ndiye aliyeagiza itolewe."

"Na pombe?"

"Pombe ilikuja kwenye barua. Aliyeiandika ni baba yako. Mwaka uliofuata akanioa."

Benjamini alimuuliza alinyamazaje miaka yote hiyo. Mama yake akasema alianza kwa kuogopa, halafu wakaja watoto, halafu kunyamaza kukawa mazoea. Usiku ule Benjamini alimpigia Eustadia mara nne, simu haikupokelewa. Akaandika: "Mama ameniambia. Nisamehe." Jibu lilikuja asubuhi: "Kwa hiyo neno langu peke yake halikutosha."

Jumamosi kilima kilijaa watu. Walikuja wageni kutoka Tabora mjini wakiwa na mabegi mgongoni, kwaya ya akina mama, diwani na watu wake. Reveriani alikuja kutoka Ulyankulu kwa basi, amevaa koti lake la kanisani, mkono mmoja wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Walipofika kwenye msumeno, wakamkuta Mzee Eliya ametangulia. Alikuwa amesimama kando ya kibao.

"Shikamoo baba," Eustadia akasema.

Hakuitikia. Akamgeukia diwani, akamwambia hafla isiendelee mpaka uongo huu utolewe, kwamba kiwanda kile kilikuwa na heshima yake na yeye hawezi kutukanwa na watu wa kuja. Diwani akaanza kujikuna kichwa. Akamnong'oneza Eustadia kuwa pengine kibao kingeondolewa kwa leo tu, mambo yakaongelewe ofisini.

"Hakitoki, mheshimiwa," Eustadia akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Wakitaka njia zifungwe, zifungwe leo hii. Ila kitabaki hapa, na mimi nitabaki nacho."

Hapo Benjamini akapita katikati ya watu, akasimama upande wa pili wa kibao.

"Nilikitengeneza mimi, baba," akasema. "Ni kweli tupu. Kukiwa na wa kukitoa, aanze na mimi."

Mzee Eliya akamwambia mwanawe kuwa hajui lolote, hata kuzaliwa alikuwa bado. Sauti iliyomjibu ilitoka nyuma ya kwaya.

"Mimi nilikuwa nimezaliwa," akasema Recheli. Alikuwa amepanda kilima kizima kwa miguu yake yenye gauti. "Kinga uliitoa wewe, Eliya. Na barua uliandika wewe, kwenye meza yangu ya kukatia mboga."

Mzee Eliya alimtazama mkewe, akamtazama Reveriani. Kisha akachukua fimbo yake, akashuka peke yake kwa njia ya toroli. Diwani akakata utepe.

Jioni, watu walipotawanyika, Benjamini alimfuata Eustadia darajani. Akaomba msamaha tena. Eustadia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Mama yako asingesema, ungesimama pale?"

Benjamini akaegemea ubao wa daraja.

"Sijui," akasema. "Ningependa kusema ndiyo. Lakini sijui."

"Afadhali hujanidanganya," Eustadia akasema. Pete hakuivaa siku hiyo. Alimwambia aende Ulyankulu kwanza, akamwombe radhi Reveriani kwa kuushika ule mtaimbo, na aende peke yake. Benjamini alienda Jumapili iliyofuata. Alikaa huko siku tatu, akaezeka upya banda la mbuzi la Reveriani, akarudi na ujumbe wa mzee kuwa amemkubali. Ndipo Eustadia alipoivaa tena pete.

Mzee Eliya alituma watu kwa Eustadia mara mbili. Alitaka mambo yamalizwe kimyakimya, wazee wakutane Kigwa, kibao kibadilishwe maneno. Eustadia alikataa mara zote mbili. Alijibu kuwa uongo ulisemwa hadharani na utafutwa hadharani, na kwamba harusi itakuwepo, baba mkwe awepo au asiwepo. Recheli naye alihamia chumba cha nje, akawa anampikia mumewe bila kumsemesha.

Mwezi wa saba Mzee Eliya alipanda basi la Ulyankulu. Alifika baada ya misa, waumini wakiwa bado kwenye ua wa kanisa, akamtafuta Reveriani mpaka akampata.

"Nilitoa kinga," akasema, watu wakisikia. "Nikaandika umelewa. Hukuwa umelewa."

Reveriani akamgeukia.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka na wewe useme."

Hakumkumbatia. Alimwambia kuna chakula nyumbani, akitaka aje.

Ndoa ilifungwa Jumamosi ya pili ya Agosti, katika kanisa hilohilo la Ulyankulu, na mchungaji wa Kimoraviani alialikwa kuwaombea. Recheli alicheza mpaka viatu akavivua. Mzee Eliya alikaa benchi la mbele kama baba wa bwana harusi. Hakuna aliyemwambia ahame, na hakuna aliyemshukuru kwa kuja.